Jina Mlangoni: Siku Zangu za Mwanzo Hamburg

Siku ya 1, Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Nimeingia Hamburg saa kumi za jioni kwa treni kutoka Frankfurt, baada ya usiku mzima wa ndege kupitia Addis Ababa. Nina masanduku mawili, na bahasha moja ya plastiki ambayo haikunitoka mkononi tangu nilipoondoka Unguja, kwa kuwa ndani yake mna vyeti vyangu vya uuguzi, tafsiri zake zilizopigwa mhuri, mkataba wa kazi na mkataba wa nyumba. Nyumba nimetafutiwa na mwajiri wangu, mwenye makao ya kulelea wazee, na ninamshukuru kwa hilo, maana waliotangulia walikwisha nieleza kwamba katika mji huu kupata nyumba ya kupanga kunachosha kuliko kutafuta viza.

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja, jiko na choo, ghorofa ya tatu, mkono wa kushoto. Jikoni mna sinki na jiko la umeme. Kabati hakuna, pazia hakuna, na nilipobonyeza swichi chumbani pakabaki giza, kwa sababu darini zilikuwa zinaning'inia nyaya mbili tu; mpangaji anapohama huku huondoka na taa zake. Nimeswali Magharibi na Isha kwa mwanga wa simu.

Hata hivyo ngazi za jengo hili hazikunipa ugeni. Mimi nimezaliwa katika maghorofa ya Kikwajuni, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na nilipokuwa nikipandisha masanduku yangu, mwangwi wa nyayo ulinikumbusha jinsi tulivyokuwa tukishuka mbio kwenda skuli.

Nilimpigia mama simu kumjulisha kwamba nimefika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefikia nyumba ya nani?"

Nikamtajia jina la mtaa na namba ya jengo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Namba sikukuuliza. Nauliza nyumba ya nani."

Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia nitamweleza kesho.

Siku ya 2, Jumamosi

Siku ya kununua. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Mombasa anayeishi hapa mwaka wa sita, alinichukua mapema tukatafuta taa, mfarishi mnene, sufuria mbili na koti. Alinihimiza ninunue na chakula cha siku mbili, kwa kuwa Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa sheria. Tukamalizia mtaa wa Steindamm, nyuma ya stesheni kuu, kwenye maduka ya Waturuki, Waafghani na Waafrika wa Magharibi, nikapata mchele wa basmati, tui la kopo, ndizi mbichi za kupika na nyama ya halali. Harufu ya bizari katika duka moja ilinisimamisha mlangoni kwa muda. Jioni yeye ndiye aliyenifungia taa.

Siku ya 3, Jumapili

Leo saa imerudishwa nyuma. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ifikapo saa tisa za usiku, saa za nchi hii hurudishwa kuwa saa nane, na usiku unapata saa moja ya ziada. Nilikuwa nimeelezwa, lakini maana yake sikuijua mpaka mama aliponipigia kwa wakati ule tuliokubaliana, nami ningali usingizini. Juzi tulikuwa tumepishana saa moja. Kuanzia leo hadi mwisho wa Machi tunapishana saa mbili. Hakuna aliyesogea mahali pake, na bado nilihisi kama kwamba wakati wa usiku Unguja imesukumwa mbali kidogo.

Siku nzima nimekuwa nikitazama jua na saa ya ukutani. Hesabu yetu ya saa imesimama juu ya jua la ikweta: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, na likizama tunaanza upya, na kwa sababu kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, mtu anaweza kukisia saa kwa kutazama kivuli cha mnazi. Leo jua limezama kabla ya saa kumi na moja za jioni, na mwenzangu anasema mwezi wa Disemba litakuwa linazama saa kumi na kuchomoza baada ya saa mbili za asubuhi. Nimepanga sala katika karatasi nikaibandika ukutani. Wakati huo Adhuhuri itaingia saa sita na ushei, Alasiri kabla ya saa nane, Magharibi saa kumi, zikifuatana kama shanga za tasbihi, na zote zitanikuta kazini.

Nimeamua kwamba akilini nitaendelea kuhesabu kwa Kiswahili, hata kama jua halinisaidii.

Siku ya 7, Alhamisi, 31 Oktoba

Sikukuu. Wanaadhimisha Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517, na Hamburg imeifanya kuwa siku ya mapumziko tangu 2018. Nikatumia nafasi hiyo kujifunza mapipa ya taka yaliyo uani: la buluu ni la karatasi, la kijani ni la maganda na mabaki ya chakula, la manjano ni la plastiki na makopo, na jeusi ni la vilivyobaki. Chupa za vioo hupelekwa kwenye makontena ya barabarani, zikitengwa kwa rangi, na haifai kuzitupa usiku wala Jumapili kwa ajili ya kelele. Chupa nyingi za maji za plastiki huwa na amana ya senti 25, ambayo mtu hurudishiwa dukani anapozirudisha.

Lililonishinda kuzoea ni madirisha. Mkataba wa nyumba unanitaka nifungue madirisha wazi kabisa mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara, hata kukiwa na baridi, ili unyevu utoke na kuta zisiote ukungu. Kwetu dirisha hufunguliwa alfajiri na hukumbukwa tena usiku. Hapa hewa inaingizwa kwa ratiba, kama dawa.

Siku ya 11, Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeandikishwa kuwa mkazi wa Hamburg. Sheria inampa anayehamia wiki mbili tangu aingie ndani ya nyumba, na bila usajili huu mambo mengine yote husimama, kwa sababu namba ya kodi, na kwa hiyo mshahara uliohesabiwa sawasawa, hutegemea anwani iliyosajiliwa. Nilikwenda na pasi, fomu na karatasi aliyotia saini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli nimehamia kwake. Mtu hawezi kujitangaza mwenyewe kwamba anakaa mahali. Anayekupokea ndiye anayekushuhudia. Jambo hili limenipendeza, maana ndivyo yalivyo hata kwetu, ambako mgeni wa mtaa hutambulishwa na aliyemkaribisha.

Mama wa ofisini, mpole na mwepesi wa kazi, aliniuliza dini yangu. Nilishtuka kidogo, kisha akanieleza kwamba swali hilo ni la kodi: waumini waliosajiliwa wa makanisa yanayotoza kodi hiyo hukatwa kodi ya kanisa, ambayo Hamburg ni asilimia 9 ya ile kodi yao ya mapato, na mimi Muislamu sihusiki. Akaniuliza tena ghorofa na upande. Ndipo nilipotambua kwamba vyumba vya jengo letu havina namba. Chumba changu katika kumbukumbu za serikali ni "ghorofa ya tatu kushoto", basi.

Katika dakika kumi na tano nilitoka na karatasi moja yenye jina langu na mtaa wangu. Niliisoma mara tatu ndani ya treni.

Siku ya 17, Jumapili, 10 Novemba

Kesho ninaanza kazi, kwa hiyo leo nimekwenda kuutazama mto Elbe. Huko Landungsbrücken, kwenye magati ya bandari, kuna vyombo vya usafiri wa umma vinavyovuka bandari, na tiketi yangu ya mwezi, ile ya euro 49 kwa mwaka huu wa 2024, inayotumika katika treni na mabasi ya mji, inatosha kupandia. Nikapanda chombo namba 62 hadi Finkenwerder na kurudi, nikiwa nimekaa juu, nje, koti limefungwa mpaka kidevuni.

Nilipofika asubuhi, madaraja madogo ya kushukia gatini yalikuwa yameinama sana, hata mzee mmoja mwenye mkongojo alishikwa mkono kuteremka. Niliporudi baada ya saa kadhaa yalikuwa karibu yamenyooka. Nikasimama kutazama ukuta wa bandari, nikaona mstari wa majimaji na ukoga mweusi, nikaelewa: maji yamejaa. Bahari iko karibu kilometa mia moja kutoka hapa, lakini Elbe hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa kimo cha zaidi ya meta tatu, ndiyo maana magati haya yamejengwa yaelee. Na nguvu hiyo ya maji ina upande wake wa kutisha, kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962 dhoruba ilisukuma maji ya bahari mtoni, maboma ya kuzuia maji yakavunjika, na watu 315 wakafa katika mji huu.

Kwa mtu aliyekulia Unguja, ambako hata watoto wanajua bamvua na maji mafu, na ambako wanawake wa Paje hupanga siku yao ya kilimo cha mwani kwa kupwa kwa maji, hili halikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba nimehamia bara, mbali na bahari, kumbe kuna maji yanayokwenda na kurudi chini ya miguu yangu. Nilimrekodia mama sauti ya maji yakipiga kwenye nguzo. Akajibu, "Yanajaa au yanakupwa?" Nikamwambia yanajaa.

Siku ya 20, Jumatano

Siku tatu za kazi. Mpaka vyeti vyangu vitambuliwe rasmi ninafanya kazi kama msaidizi, ingawa nimekuwa muuguzi kwa miaka tisa. Nimelikubali jambo hili kwa sababu kila nchi ina haki ya kujua ni nani anayeshika sindano. Shida yangu ni salamu. Watu wa Hamburg husema "Moin" asubuhi, mchana na usiku, mkubwa kwa mdogo, na mimi ninapoingia chumbani kwa mzee wa miaka tisini kumsalimia kwa neno lile lile ninalompa dereva wa basi, ulimi unakuwa mzito. Nimeanza kusema "Shikamoo" kimoyomoyo kwanza, ndipo niseme "Moin" kwa sauti. Mikono inakuwa na adabu zaidi nikifanya hivyo.

Siku ya 21, Alhamisi, 14 Novemba

Usiku wa kuamkia Ijumaa. Mama aliniwekea sandukuni chetezo kidogo cha udongo na ubani uliofungwa katika kitambaa, akanisihi nisikae muda mrefu katika nyumba bila kuifukiza. Nilikuwa nimechelewa. Baada ya Isha nikawasha kaa moja jikoni, nikalitia chetezoni, nikaweka ubani, nikaanza kuzunguka chumba kwa chumba huku nikisoma Ayatul Kursi.

Nilipofika katikati ya chumba cha kulala, king'ora cha moshi kilicho darini kikalia. Sheria ya hapa inataka kila nyumba iwe nacho, nami nilikiona siku ya kwanza bila kufikiri zaidi. Nilifungua madirisha yote, nikapanda juu ya kiti, sikujua pa kubonyeza. Ndipo mlango ulipogongwa.

Alikuwa bibi wa ghorofa ya pili, anayekaa chini yangu hasa, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Aliinua fimbo yake, akabonyeza kidude cha katikati, kukawa kimya. Nilianza kuomba radhi kwa Kijerumani kilichokatika vipande. Hakuwa ananisikiliza, alikuwa ananusa. Kisha akataja ubani kwa jina lake la Kijerumani na kuniuliza kama mimi ni Mkatoliki. Nikamwambia hapana, mimi Muislamu kutoka Zanzibar, na kwetu nyumba mpya hufukizwa.

Akaketi kwenye kiti changu pekee bila kungoja kukaribishwa, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Alizaliwa mwaka 1940 katika eneo la Ermland, ambalo leo limo Poland, sehemu yenye Wakatoliki wengi, na harufu hii ni ya kanisa la kijiji chao. Mama yake alimkimbiza kutoka huko majira ya baridi ya mwaka 1945, wakati jeshi la Kisovieti lilipokuwa linasonga mbele, wakafika Hamburg iliyokuwa imeteketezwa kwa mabomu mwaka 1943. Waliwekwa katika chumba kimoja cha nyumba ya watu ambao hawakuwataka. Alisema kwamba kwa muda wa miaka minne jina lao halikubandikwa mlangoni, na mama yake alikuwa akiwatuma watoto wamngojee tarishi barabarani.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, mbona jina lako halimo kwenye kengele?"

Siku ya 22, Ijumaa

Nilishuka mapema kutazama. Kweli, kwenye kengele ya ghorofa ya tatu kushoto na kwenye sanduku la barua bado limo jina la mpangaji aliyehama. Nilikuwa nimelipita kila siku nikiliona kama sehemu ya chuma.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kadi ya benki, niliyoahidiwa ndani ya wiki moja, haikufika. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba barua imerejeshwa ikiwa imeandikwa kuwa mpokeaji hajulikani katika anwani hii. Maneno hayo yaliniuma. Nimelala humu usiku ishirini na moja, nimefungua madirisha kwa ratiba, nimetenga taka kwa rangi, serikali inayo karatasi yenye jina langu, na bado kwa mtu anayesimama mlangoni na barua mkononi mimi sikuwapo. Kwa kuwa vyumba havina namba, jina kwenye kengele ndiyo anwani yenyewe.

Jioni nilimpigia mama. "Ulikuwa na haki," nikamwambia. "Hata huku wanauliza nyumba ya nani."

Kwetu Kikwajuni mgeni haulizi namba. Husema anakwenda kwa Bi Fulani, na mtoto wa kwanza atakayemkuta atampeleka mpaka mlangoni. Tofauti ni kwamba huku hakuna mtoto wa kuuliza, kwa hiyo jina lazima lijisimamie lenyewe ukutani. Nimeandika jina la babu yangu, ambalo katika pasi ndilo jina langu la ukoo, kwa herufi kubwa na wino mweusi, nikabandika kwa muda mpaka mwenye nyumba atakapoleta kibao cha kudumu. Bibi wa ghorofa ya pili alishuka kulikagua. Alinipa mkate wa ngano nyeusi na kijaluba cha chumvi, ambavyo ndivyo zawadi ya desturi kwa aliyeingia nyumba mpya.

Siku ya 31, Jumapili, 24 Novemba

Leo Waprotestanti wa Ujerumani wanawakumbuka wafu wao. Bibi amenichukua makaburini Ohlsdorf, alikozikwa mumewe. Ni mahali pakubwa mno, karibu hekta 390, hata mabasi ya mji hupita ndani yake. Aliwasha mshumaa, akayapangusa mawe ya kaburi kwa kitambaa, nami nikasimama kando kwa heshima.

Kisha nilimwomba twende kwenye kaburi jingine. Sayyida Salme, binti ya Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, amelala hapa kwa jina la Emily Ruete. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, akaja kuishi katika mji huu. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo na lugha aliyokuwa bado anajifunza. Alifariki Jena mwaka 1924. Nilijua habari zake tangu skuli, lakini sasa, baada ya mwezi mmoja tu wa giza la saa kumi na moja, ndipo ninapowaza jinsi alivyoyapokea majira yake ya baridi ya kwanza bila sauti ya mama simuni.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Mwaka 2019 uwanja mdogo wa mji huu ulipewa jina lake, kisha jina hilo likaondolewa, kwa kuwa katika maandishi yake aliutetea utumwa, na mimi ninayetoka Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, iliko Kikwajuni, wanakoishi wengi ambao wazee wao waliwahi kuwa watumwa, naona uamuzi huo ni wa haki. Hata hivyo nilimsomea Fatiha. Nilimwambia Bibi kwamba huyu ni wa kwetu, naye akakitoa mfukoni kibiriti na mshumaa wa pili ambao sikujua kwamba ameubeba.

Siku ya 39, Jumatatu, 2 Disemba

Katika wiki hii barua zimenifikia tatu. Ya kwanza ilikuwa na kadi ya benki. Ya pili ina namba yangu ya kodi, tarakimu kumi na moja, ambayo nitabaki nayo maisha yangu yote. Ya tatu inanidai ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi, ambayo kila kaya hulipa, iwe na televisheni au isiwe nayo. Nimeziweka zote ndani ya ile bahasha ya plastiki.

Leo nilikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nilikuwa nyumbani. Kengele ikalia. Chini alikuwa kijana wa vifurushi, amebeba kisanduku cha Bibi, ambaye amekwenda kwa daktari. Alikuwa amepita majina ya kwenye kengele moja baada ya jingine mpaka akafika kwangu. Alilisoma jina la babu yangu taratibu, akakosea mkazo, akaniuliza kama ndiye mimi na kama naweza kumpokelea jirani.

Nikatia saini. Aliandika jina langu kwenye kadi na kuitumbukiza katika sanduku la Bibi, ili akirudi ajue kifurushi chake kiko nyumba ya nani.

Saa kumi kasoro, jua likiwa linazama, nilisikia fimbo yake kwenye ngazi. Nikabandika chai ya tangawizi jikoni na kukisogeza upande wa pili wa meza kiti nilichonunua Jumamosi, ili viwe viwili.